Ukijaribu aplikesheni mpya hujaribu peke yako

Wengi mlikosa kuja Jumamosi pale Tabata kunisikiliza nikiongelea aplikesheni mpya za simu, wengine mvua, wengine foleni ya Mandela, na meseji za "tutumie ulichosema" zimekuwa nyingi kuliko waliokuja. Basi hii hapa yote kama nilivyoongea, picha za ukutani nimeziruka maana hata ukumbini waliokaa nyuma hawakuziona.

Wazee wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Kina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda, dada zangu wa mitandaoni mnaouza mpaka saa saba usiku, habari za mchana. Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule mlangoni sogeeni, viti vipo.

Naomba nianze na swali. Nani hapa anakumbuka 2go, ile ya kuchati? Haya, naona mikono. eBuddy je? Na BBM, ile ya kuchati ya simu za BlackBerry, nani alikuwa na pini yake? Mnacheka, lakini kuna mtu humu ndani alikwenda Kariakoo akanunua BlackBerry iliyotumika, kioo kina ufa, kwa sababu ya ile pini tu, ili na yeye akiulizwa asiseme "sina". Leo iko wapi? BBM ya watu wa kawaida ilifungwa Mei 2019. Mwezi mmoja kabla Google nao walikuwa wamefunga mtandao wao wa kijamii, Google+, walioufungua 2011 kwa mbwembwe zote. Na Google ni Google jamani, hela wanazo, wahandisi wanao, kila simu ya Android unayonunua jina lao limo ndani. Lakini watu hawakukaa. Walifungua akaunti, wakaangalia huku na huku, wakaona ndugu zao hawapo, wakarudi walikotoka.

Sasa msinielewe vibaya, sijaja hapa kuwaambia msijaribu vitu vipya. Jaribuni! Mimi mwenyewe ni mtu wa kujaribu, kitu kikitoka leo kesho kipo kwenye simu yangu, memori ikijaa nafuta picha za send-off za watu nisiowajua vizuri. Nimekuja na jambo moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: ukijaribu aplikesheni, hujaribu peke yako. Unajaribu na muda wa watu wako. Unajaribu na namba za watu wako. Mara nyingi unajaribu na hela za watu wako, na wao hawajaulizwa.

Tuanze na muda. Hapa nitawapeleka kwenye kamati ya harusi, maana Dar hii kama hujawahi kuingizwa kwenye grupu la harusi ya mtu ambaye hata sura yake huikumbuki basi umehamia juzi.

Mnajua orodha ya michango inavyokwenda. Mweka hazina anaandika moja mpaka themanini, jina, ahadi, alichotoa, na tiki ya kijani. Kila anayetoa anakopi orodha nzima anaongeza chake anairudisha. Shida inakuja watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, mmoja anarudisha, mwingine anarudisha ya kwake juu yake, hapo katikati Mama Mkubwa katoa laki moja na jina limepotea. Mama Mkubwa anaona. Haandiki kitu kwenye grupu, anapiga simu kwa mama wa bwana harusi. Mnajua kinachofuata.

Kwenye kamati moja niliyokuwemo akaja kijana wetu, mzuri tu, msomi, akasema jamani hii tabu yote ya nini, kuna aplikesheni. Akatuonyesha. Aisee ilikuwa nzuri kweli, kila mtu ana ukurasa wake, inajumlisha yenyewe, inakumbusha wenye ahadi kwa upole kuliko sisi tunavyokumbusha, jina la mtu halipotei. Kamati yote ikakubali. Linki ikatumwa kwenye grupu: pakua, jisajili kwa namba ya simu, subiri namba ya uthibitisho ije kwa meseji, iweke, tunga nenosiri lenye herufi kubwa na namba.

Nani alipakua? Kamati. Na wale binamu wawili wanaopenda vitu. Basi. Mjomba wa Korogwe anatumia kitochi, utamwambia apakue wapi? Shangazi mmoja akatuma voisi, nayakumbuka maneno yake: "Wanangu, mimi hela nimeshatuma kwenye simu, sasa mnataka nini tena kwangu?" Ndugu zangu, shangazi alikuwa na haki au hakuwa na haki? Alikuwa na haki! Ametoa mchango wake halafu tunampa na kazi juu, ni kama kumwalika mtu pilau halafu unamwambia aje na kuni.

Tukarudi kwenye orodha ya kukopi. Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye utamu. Harusi ileile, kamati ileile, kulikuwa na kitu kingine kipya, kadi za mwaliko za kwenye simu zenye ile misimbo ya kuskani. Mgeni anatumiwa picha kwa WhatsApp, wa kitochi anatumiwa namba kwa meseji ya kawaida. Anafika ukumbini anaonyesha, kijana wa mlangoni anaskani, inasoma singo au dabo, karibu ndani. Na yule anayekuja na dabo akiwa na watu watano nyuma yake, siku hizo zimekwisha. Hakuna aliyelalamika. Shangazi mwenyewe aliingia anachekelea.

Kwa nini moja ilikataa na nyingine ikakubali? Zote mpya, zote za simu, watu walewale. Nimeliwaza sana hili na jibu langu ni dogo tu. Ya kwanza iliwapa kazi wageni wote ili kamati ipumzike. Ya pili iliipa kamati kazi, ikawaacha wageni wapumzike. Kwa hiyo kabla hujarusha linki kwenye grupu la familia, la kikoba, la kanisa, la madrasa, uliza: nani hapa anapewa kazi? Kama ni wewe, endelea. Kama ni bibi yako aliyeko Mkuranga, subiri kwanza.

Ndiyo maana na zile hoja za "hamieni Telegram, hamieni Signal" mimi huwa sibishani nazo. Ni kweli, Telegram inabeba mafaili makubwa, Signal ni wasiri mno, vyote kweli. Watu wako wako wapi lakini? Kama wako WhatsApp basi na wewe uko WhatsApp, upende usipende, jaribu nyingine pembeni na watu wawili watatu mnaoelewana.

Haya, la pili, namba za watu wako. Hapa naomba wale mnaoongea kule kona mninyamazie kidogo, maana hili linauma.

Kuna dada mmoja jirani yangu, muuza mitumba pale Ilala, jina lake siseme. Aliona tangazo la mkopo wa haraka kwenye simu, bila dhamana, dakika tano. Alikuwa na belo la kununua, hela pungufu, akapakua. Ile kitu ikauliza: niruhusu kuona majina na namba za simu yako? Akabonyeza Ruhusu. Niruhusu kusoma meseji zako? Ruhusu. Picha? Ruhusu. Nani hapa husoma kabla ya kubonyeza Ruhusu? Hakuna mkono hata mmoja, asanteni kwa ukweli.

Hela iliyoingia ilikuwa pungufu ya aliyoomba, wameshakata chao juu kwa juu, na muda wa kulipa ni wiki. Biashara ikawa mbaya, akachelewa. Kesho yake meseji zikaanza kuingia, siyo kwake. Kwa mwenye nyumba wake. Kwa mwalimu wa kwaya. Kwa mzazi mwenzie waliyeachana hata hawaongei. "Mwambie fulani alipe deni, wewe amekuandika mdhamini." Nauliza, mwalimu wa kwaya alisaini wapi? Mwenye nyumba alisaini wapi? Hawakusaini popote. Waliwekwa rehani kwa kidole kimoja cha mtu anayewapenda.

Hii ndiyo kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kunyonya watu, iliyohamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila kibali, sitini na tisa ndugu zangu. Na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna tume kabisa ya kupokea malalamiko. Taarifa za mtu mwingine siyo zako kuzigawa wala siyo za mkopeshaji kuzichezea. Hata Google, kuanzia mwisho wa Mei 2023, waliweka masharti kwamba aplikesheni za mikopo binafsi kwenye Play Store zisiguse namba wala picha za mtumiaji. Kwa hiyo ukiona mkopo unaletewa kwa linki ya WhatsApp, "pakua faili hili nje ya Play Store", jiulize kwa nini halipiti mlangoni kama wenzake.

Tena simu yako inakusaidia, tatizo hatuitumii. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 inakuruhusu kukataa ruhusa moja moja na bado ukatumia aplikesheni. Nenda kwenye Mipangilio, halafu Programu, halafu Ruhusa, angalia nani anaona nini. Utashangaa. Utakuta aplikesheni ya tochi inaomba namba za simu. Tochi! Inataka kumpigia nani?

Hapa kuna watu watasema mwalimu unatutisha. Siwatishi. Ninachosema ni kwamba mitandao ya jamii imejengwa kwa majina ya watu, kwa hiyo jina unaloligawa kwanza huwa siyo la kwako.

Sasa tupumzike kidogo na habari nzuri, maana ipo, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mnadhani M-Pesa ilibuniwa ya kutumiana hela? Haikuwa hivyo. Oktoba 2005 kule Kenya Safaricom walianza majaribio na taasisi ya mikopo midogo inaitwa Faulu, lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba hela mkononi, basi. Ile ya kulipa mkopo ikawa na usumbufu wake. Lakini wale wakopaji wenyewe walikuwa wanafanya mambo mengine kabisa. Wanalipana wao kwa wao. Wanamnunulia ndugu wa kijijini vocha kutoka mjini. Anayesafiri anaingiza hela kwenye simu hapa, anaitoa anakokwenda, asiibiwe njiani. Wataalamu wakaangalia wakasema kumbe kitu chenyewe ni hiki. Machi 2007 ilipozinduliwa rasmi kaulimbiu ilikuwa tuma hela nyumbani, na mwaka uliofuata, 2008, Vodacom wakaileta kwetu. Mnaona? Waliojaribiwa ndio waliowafundisha waliojaribu.

Na sisi tunafanya hivyo kila siku bila kujipa sifa. Kuna mama lishe mmoja huko Posta, asubuhi anapiga picha masufuria yake anaweka kwenye statasi ya WhatsApp: leo pilau, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga wachache, wahi. Mpaka saa tano watu wa maofisini wameshaagiza, anajua apike wali kiasi gani, kumwaga chakula kumepungua sana. Statasi zilipoletwa mwaka 2017 sidhani kama kuna aliyewaza habari za samaki wa kukaanga. Ila angalieni uzuri wake, statasi inafutika baada ya saa 24, na menyu ya jana ina faida gani leo? Haina. Haimlazimu mteja kupakua kitu, haimkati kamisheni, haisumbui asiye na njaa. Vijana wa aplikesheni za chakula wakimfuata namwambia wasikilize, wajaribu, lakini uliza watakukata asilimia ngapi kwa kila sahani na mteja akiondoka ataondoka na namba yako au na yao.

Sasa la tatu, hela za watu wako. Kina mama wa vikoba, nyie ndio mnanifurahisha zaidi. Lile sanduku lenu la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayelifungua peke yake hata awe mwenyekiti. Nani atasema ile siyo teknolojia? Ni teknolojia ya kijamii kabisa, inafanya kazi bila chaji. Mwaka 2019 ilipokuja M-Koba ya kuweka akiba ya kikundi kwa simu, vikundi vingi viliielewa kirahisi kwa sababu ndani yake kuna jambo lilelile, hela haitoki mpaka wenzako waidhinishe. Kufuli zimebadilika sura tu. Kwa hiyo mkiletewa kitu kipya cha kikoba, swali la kwanza lisiwe ni kizuri au kibaya, ni kasi au siyo kasi. Ulizeni kufuli tatu ziko wapi. Kama mtu mmoja mwenye simu moja na nenosiri moja anaweza kuhamisha hela yote usiku, hicho siyo kikoba, hiyo ni pochi ya mtu, na mtajua siku akihama mtaa.

La mwisho fupi, naona wapishi wananiangalia.

Uber iliingia Dar Juni 2016. Tukajifunza, tukazoea, wengine tukasahau hata kupatana nauli. Aprili 2022 ikasimamisha huduma kwa mvutano na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuhusu nauli na kamisheni, ikarudi Januari 2023. Hapo katikati mlifikaje kazini? Waliokuwa wamesevu namba ya dereva wao mwaminifu walipiga simu, maisha yakaendelea. Dereva aliyekuwa na wateja wake kwenye simu alikula. Aliyekuwa anasubiri simu ilie tu, alilala njaa au alihamia kwingine kuanza upya.

Mnajua na ule mchezo wa sasa, unaita usafiri, dereva anapiga: "Bosi unaelekea wapi? Unalipa keshi? Huko kwako inasomaje? Kansel tuongee." Mchana kweupe, mtu unamfahamu, hayo ni yenu. Usiku mimi sikubali na wadogo zangu nawakataza kabisa, ukikansel safari imefutika, hakuna anayejua umepanda gari gani na nani. Namba ya dereva sevu, ndiyo, lakini usiku acha safari iandikwe.

Haya. Sasa kazi, maana sikuja kupiga stori tu.

Kila kikundi kilichopo hapa kichague kitu kimoja cha kujaribu kuanzia leo mpaka Sabasaba. Kimoja, siyo vinne. Chagueni wawili wa kubeba ile kazi ya kusajili na kufundisha, na wawe wanaojua kusema na wazee. Daftari lisifungwe, liendelee sambamba, mkiona namba za simu na za daftari hazifanani mnauliza siku hiyohiyo. Na akitokea mwanachama kalefti msimseme, mfuateni mumuulize kilichomchosha, huyo anawasaidia kuliko aliyeweka dole gumba.

Na zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", za mwenye nyumba ambaye siyo mwenye nyumba wako, usizifute tu. Zifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, halafu endelea na shughuli zako.

Sasa toeni simu wote, hata kitochi, hili halitaki bando. Bonyezeni nyota 106 reli. Linakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tulisajili kwa vidole wote ile 2019 na 2020, mnakumbuka foleni, na wengine vidole vyenu vilitumika mara mbili mawakala walipowaambia "rudia, haijasoma". Angalieni taratibu.

Mzee wangu hapa mbele, umeona ngapi? Nne? Na unazozitumia? Mbili. Haya, usizime, njoo hapa na hiyo simu tuone hizo mbili ni za nani. Wengine aliyekuta laini asiyoijua anyooshe mkono. Na wewe dada. Na wewe. Ah, mko wengi. Chai ipo tayari, mwenye laini ngeni aje upande huu na kikombe chake.